Shule zisitupe tarakilishi, zijifunze Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10, ambao ulikuwa umetumika tangu Julai 2015. Kwa benki na makampuni makubwa, hilo lilikuwa jambo la kutenga fedha na kuagiza mashine mpya. Lakini kwa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa, ambaye maabara yake ya tarakilishi ilijazwa kwa michango ya wazazi na misaada ya wafadhili, lilikuwa sawa na hukumu. Mfumo uliofuata, Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021, hudai chipu ya usalama ya aina ya TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni. Tarakilishi nyingi zilizoundwa kabla ya 2018 hazikubaliwi, hata kama zingali zinawaka, zinachapa na kuhesabu bila tatizo lolote.

Mwalimu mkuu huyo afanyeje? Anaweza kununua mashine mpya, ilhali karo haijalipwa na paa la bweni linavuja. Anaweza kulipia muda wa nyongeza, ambao nao una kikomo. Anaweza kuendelea kana kwamba hapana lililotokea, huku mianya inayogunduliwa katika mfumo ikibaki wazi kwa kila mwizi wa mtandaoni. Tena ipo njia ambayo haitajwi hadharani ingawa sote twaijua: kumwita fundi wa mjini aje na flashi yake, apachike nakala ya wizi na kuondoka na ujira wake.

Nasadiki kwamba ipo njia nyingine, ya halali na ya heshima, ambayo shule zetu zimeipuuza kwa muda mrefu kupita kiasi. Njia hiyo ni kuhamia Linux. Hata hivyo sitaki kuitetea kwa hoja ya urahisi wa bei peke yake. Shule ikihama kwa sababu ya kukwepa gharama tu, itarudi ilikotoka mara itakapopata mfadhili. Hoja yangu ni kwamba Linux ndiyo inayomfaa mwanafunzi, na ingemfaa hata kama mifumo yote ingekuwa ya bure.

Tuanze na suala la uadilifu, kwa kuwa ndilo linalotuaibisha zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya tarakilishi kuwa kazi ya maandishi inayolindwa kama vile riwaya au tamthilia inavyolindwa. Mwalimu anayemkemea mwanafunzi kwa kunakili insha ya mwenziwe, kisha akamketisha mbele ya mashine yenye programu iliyoibwa, amemfundisha masomo mawili kwa wakati mmoja. Tusidanganyane kuhusu ni somo lipi litakalokumbukwa. Mtoto wa leo hujifunza kwa yale anayoyaona kuliko yale anayoambiwa.

Linux basi ni kitu gani? Ni vyema walimu wajue kwamba asili yake ni darasani. Mwaka 1987 Profesa Andrew Tanenbaum, aliyekuwa akifundisha jijini Amsterdam, Uholanzi, alitoa mfumo mdogo alioupa jina la MINIX ili wanafunzi wake wapate kuusoma na kuelewa jinsi mfumo wa uendeshaji unavyofanya kazi. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, aliusoma mfumo huo na kuona mipaka yake. Tarehe 25 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba alikuwa akitunga mfumo wake mwenyewe, kwa kujifurahisha tu, na akawaomba maoni. Mwalimu alitoa kitabu kilicho wazi, naye mwanafunzi akakipita. Je, mwalimu hutamani nini zaidi ya hilo?

Kiini alichokitunga kijana huyo kilikutana na kazi iliyokuwa imeanzishwa Marekani mwaka 1983 na Richard Stallman, aliyetaka pawepo programu ambazo kila mtu ana haki nne juu yake: kuzitumia kwa shughuli yoyote, kuzichunguza jinsi zilivyotungwa, kuzigawa kwa jirani, na kuzirekebisha kisha kuwapa wengine marekebisho hayo. Haki hizo ziliandikwa katika leseni, na mwaka 1992 Torvalds aliiweka kazi yake chini ya leseni hiyo. Matokeo tunayo viganjani mwetu. Simu za Android, ambazo karibu kila mwalimu na kila mzazi anazijua, huendeshwa juu ya kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017 orodha ya tarakilishi 500 zenye nguvu kuliko zote duniani imekuwa ya Linux kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Anayesema kwamba Linux ni mchezo wa wachache waliokosa fedha hajui anachozungumzia.

Mwalimu wa hisabati ataielewa tofauti hii upesi. Mtahiniwa akiandika jibu pasipo kuonyesha njia, hapati alama zote, kwa kuwa elimu imo katika njia. Programu inayouzwa ikiwa imefungwa humpa mwanafunzi jibu bila njia. Atajua kitufe kipi kibonyezwe, wala hatajua kinachotendeka. Programu huru huweka njia wazi, na yule mmoja kati ya arubaini mwenye hamu ya kujua atafungua maandishi yake ya asili, asome, aharibu, atengeneze, na mwishowe aelewe. Tumekuwa tukiwafunza watoto wetu kuwa wapangaji katika nyumba za wengine. Wakati umewadia tuwafunze pia ujenzi.

Sasa nije kwenye vitendo, maana wengi waliojaribu kuhama walishindwa kwa kuanza mwishoni. Mwanzo mwema hauhusu Linux hata kidogo. Bakia kwenye Windows, na badala ya kubadilisha mfumo, badilisha programu unazozitumia kila siku. Weka LibreOffice kwa barua, majedwali na maonyesho, Firefox kwa mtandao, VLC kwa sauti na video, GIMP kwa picha. Zote hizi zipo kwa Windows na kwa Linux. Zitumie muhula mzima. Andalia mitihani humo, kokotoa alama humo, tunga ratiba humo. Mkono ukishazizoea, siku ya kuhama utakuta samani zako zimekutangulia katika nyumba mpya.

Hatua ya pili ni kuchagua toleo. Linux haitolewi na kampuni moja, kwa hiyo matoleo yake ni mengi, na wingi huo huwachanganya wageni. Wapo wanaosifu Debian, iliyoanzishwa 1993, na wapo wanaosifu Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambayo jina lake halihitaji kufasiriwa kwa Mswahili anayejua maana ya utu. Kwa anayetoka Windows, mimi humshauri aanze na Linux Mint, kwa kuwa mpangilio wake hautamshtua: menyu iko pembeni chini, saa iko upande wa pili, na mafaili hufunguliwa vilevile. Huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa. Kwa tarakilishi kuukuu lipo toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Chagua moja, ulishike, na uwaachie wengine mabishano.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashangaza wengi: unaweza kuionja Linux bila kuiweka. Pakua faili ya mfumo, ambayo ni takriban gigabaiti 3, uitie kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha uiwashe mashine ukiielekeza isome flashi kwanza. Katika mashine nyingi hilo hufanywa kwa kubonyeza F12, F9 au Esc mara tu inapowaka. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi na Windows yako haitaguswa. Hapo ndipo pa kujaribu kila kitu: mtandao usio na waya, sauti, printa, projekta. Kifaa kikikataa sasa, umekijua mapema, nawe hujapoteza chochote. Tena angalia uzuri wa haki ya kugawa. Shule ikipakua faili hiyo mara moja tu, yaweza kuitumia katika mashine zote arubaini na kuwapa majirani nakala, bila kununua data upya na bila kuvunja sheria yoyote.

Hatua ya nne haina mjadala: nakili kazi zako zote mahali pengine kabla ya kuweka mfumo mpya. Alama za wanafunzi, barua, picha na kumbukumbu za shule ziwekwe katika diski ya nje, na diski hiyo ifunguliwe katika mashine nyingine kuhakikisha kwamba zimo kweli. Kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta kila kilichomo. Anayetaka kuhifadhi mifumo yote miwili ndani ya mashine moja aweza kufanya hivyo. Kwa mashine ya mwalimu, naona ni busara kwa mwaka wa kwanza. Kwa maabara ya wanafunzi sishauri, kwa sababu kila mmoja atarudi kwenye alichokizoea na pasiwe na anayejifunza.

Baada ya kuhama, zipo tofauti chache ambazo mgeni akielezwa mapema hatazihesabu kuwa kasoro. Hakuna C wala D. Mafaili yote yamo katika mti mmoja unaoanzia kwenye mzizi, na kila mtumiaji ana chumba chake ndani ya mti huo. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti, hivyo Barua na barua ni mafaili mawili. Programu hazitafutwi ovyo mtandaoni, bali huchukuliwa kutoka ghala moja linaloaminika, kwa kubonyeza au kwa kuandika amri. Wala mfumo haukuruhusu kuugeuza bila kutoa nywila. Kwa maabara hili ni neema, kwani kila mwanafunzi aweza kupewa akaunti yake, na akiharibu ameharibu chumba chake, nyumba ikabaki salama. Virusi vya Windows vinavyozunguka katika flashi za wanafunzi navyo kwa kawaida haviwezi kutenda kazi humo, ingawa si kusema kwamba mtumiaji aache tahadhari.

Kuna pia kile kidirisha cheusi cha amri kinachoitwa teminali, ambacho huwatia watu hofu bure. Si lazima kwa kazi za kila siku. Lakini mwanafunzi afunzwe amri tano au sita, kama vile ls ya kuorodhesha mafaili, cd ya kuhamia folda nyingine na mkdir ya kuunda folda, na atagundua kwamba tarakilishi ni chombo kinachotii maneno. Kutoka hapo hadi kuandika programu kwa lugha ya Python, ambayo Mint huja nayo, ni safari fupi. Kwa madarasa ya chini ipo GCompris, yenye michezo zaidi ya 100 ya kufundishia kuhesabu, kusoma na kutumia kipanya. Kwa hisabati ipo GeoGebra, na kwa elimu ya anga ipo Stellarium. Shule isiyo na mtandao wa kutegemewa yaweza kuhifadhi Wikipedia ndani ya mashine kwa programu ya Kiwix na kuisoma bila kutumia data.

Sitaki kumficha msomaji matatizo. Barua iliyopambwa sana katika Word yaweza kuvurugika ikifunguliwa katika LibreOffice, na majedwali yenye amri tata za Excel huenda yasifanye kazi. Dawa yake ni kutuma nyaraka zisizohitaji kuhaririwa zikiwa PDF. Baadhi ya printa husumbua. Programu chache za biashara hazina toleo la Linux kabisa, na shule inayozihitaji haina budi kubakiza mashine moja au mbili kwa ajili hiyo. Muhimu zaidi, watahiniwa walio karibu na mtihani wa vitendo wasibadilishiwe mazingira dakika za mwisho. Mabadiliko yaanze na kidato au gredi ya chini, yapande nayo mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu jinsi ya kuhama, dunia imekwisha kutupa mifano miwili ya kutafakari. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamisha tarakilishi za ofisi zake, na kufikia 2013 takriban 15,000 zilikuwa zikitumia Linux. Hata hivyo malalamiko hayakuisha, uongozi wa jiji ukabadilika, na mwaka 2017 baraza liliamua kurudi kwenye Windows. Upande wa pili lipo jimbo la Kerala nchini India, ambako mradi wa shule ulioanza 2001 uligeukia programu huru. Huko walimu walifunzwa kwa maelfu, vitabu vya kiada vikaandikwa kufuatana na programu hizo, na kufikia 2019 tarakilishi za shule zilizolengwa kupata toleo jipya la mfumo huo zilizidi 200,000.

Kwa nini mmoja alirudi na mwingine akasonga mbele? Mimi naona kwamba tofauti haikuwa katika mashine. Munich iliwahamisha watumishi waliokuwa na mazoea ya miaka mingi, na ambao walipaswa kubadilishana nyaraka kila siku na ofisi zisizohama. Kerala ilianza na walimu na watoto, ikaandamanisha mfumo na mtaala. Fundisho kwetu ni kwamba Linux haiwekwi na fundi anayekuja Jumamosi na kuondoka jioni. Huwekwa na mwalimu aliyeandaliwa. Shule isiyo na hata mwalimu mmoja anayeweza kuitumia na kuitetea isianze na maabara. Imwandae mwalimu huyo kwanza.

Nina neno pia kwa walimu wa Kiswahili, ambao kwa kawaida hudhani kwamba mambo haya ni ya wenzao wa sayansi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, walitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili na kuipa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu programu ilikuwa huru na haki ya kuirekebisha ilikuwa yao tayari. Hata leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua hijai za Kiswahili. Kazi iliyosalia ni kubwa: menyu nyingi bado ni za Kiingereza, na istilahi zinagongana baina ya Nairobi na Dar es Salaam. Chama cha Kiswahili cha shule kikichukua programu moja ndogo na kuitafsiri, wanachama wake watakuwa wamefanya kazi ya lugha itakayotumiwa na watu wasiowajua, badala ya kulalamika kila mwaka kwamba Kiswahili hakina msamiati wa teknolojia.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba ofisi za nchi hii hutumia Windows, na kwamba tutawanyima watoto ujuzi wa kazi. Nami nauliza: mtoto aliye katika gredi ya saba leo ataingia ofisini lini, na Windows ya siku hiyo itafanana na ipi? Waliofunzwa kubonyeza vitufe vya mwaka 1995 walilazimika kujifunza upya mara kadhaa. Aliyefunzwa faili ni nini, folda ni nini, fomula hufanyaje kazi katika jedwali na amri hutiiwaje na mashine, huyo ataketi mbele ya mfumo wowote na kuuzoea kwa muda mfupi. Wajibu wa shule ni kutoa elimu inayodumu kuliko bidhaa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Vyuo vya ualimu viwape wanagenzi mazoea ya mifumo miwili, si mmoja. Wizara na kaunti zinaponunua au kupokea tarakilishi kwa niaba ya shule, ziulize kwanza kama mashine hizo zitakubali Linux bila usumbufu, na zitenge sehemu ya fedha kwa mafunzo ya walimu. Wafadhili nao wasilete shehena ya mashine pasipo mpango wa miaka inayofuata. Kwa upande wake, kila shule iteue mashine moja tu, ile inayosemekana kuwa imechoka kuliko zote, iwekewe Linux, na wakabidhiwe mwalimu mmoja na wanafunzi watatu wenye hamu kwa muhula mmoja. Mwishoni mwa muhula waitwe mbele ya wenzao, waeleze walichofaulu na kilichowashinda, na uamuzi ufanywe kwa ushahidi.

Haba na haba hujaza kibaba. Kabla shule haijaita gari la kuzoa tarakilishi kuukuu, na iliazime flashi moja.